Barua kwa mpwa wangu aliye chuo cha bahari

Katesh, Hanang

Mpwa wangu Safari,

Mama yako ni mzima, na ngano ya Basotu imeshavunwa.

Unasema wenzako huko Dar es Salaam wanakutania kwamba mtu wa Mbulu hawezi kujua meli. Waache. Umeomba nikuchagulie merikebu ya zamani ya kuiandikia insha. Andika juu ya La Chiffonne, manowari ya matanga ya Wafaransa, iliyoshushwa majini Nantes mwaka 1799.

Desemba 1800 bomu lililipuka Paris, likamkosa Napoleon. Akawasingizia wapinzani wake waliobaki na msimamo mkali wa Mapinduzi. Polisi wake wakagundua kwamba waliolitega ni wafuasi wa mfalme, lakini amri ya kuwafukuza wapinzani hao haikutenguliwa: wakafukuzwa nchini bila kesi, na zaidi ya 30 wakapakiwa ndani ya La Chiffonne. Hilo linanikera hadi leo.

Ilifika Mahé, Shelisheli, Julai 1801. Tarehe 19 Agosti, mlingoti wake wa mbele ukiwa umeng'olewa kwa matengenezo, ikavamiwa na Sybille ya Waingereza. Haikupita nusu saa ikasalimu amri. Waingereza wakaichukua na jina lake lilelile. Mwaka 1809 ikaongoza mashambulizi dhidi ya Ras al-Khaimah, na mwanzoni mwa 1810 ikawa huko Shinas, kumsaidia Sayyid Said bin Sultan wa Oman, huyohuyo aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo merikebu hii imo katika historia yetu, ingawa haitajwi.

Na wale waliofukuzwa? Walowezi wa Mahé waliwaogopa, wakidai wanawachochea watumwa. Mwaka 1802 baadhi ya waliofukuzwa, akiwemo Jenerali Rossignol, walihamishiwa Nzwani, Visiwa vya Komoro. Rossignol alifia huko mwaka huohuo, na wengi wa wenzake pia, wakiwa wameadhibiwa kwa kosa la watu wengine.

Vitabu vya manowari husifu mizinga na makapteni. Wewe usiishie hapo. Mwalimu wako atataka urefu wa merikebu na idadi ya mizinga, mpe. Kisha andika nani walifungiwa humo, kwa amri ya nani, na walishushwa wapi. Ukimaliza, nitumie nakala niisome.

Mjomba wako