Uchungu wa Mubirizi

Kila mwaka mvua ikianza, homa inaingia nyumbani mwetu, na mubirizi unaingia pamoja nayo.

Sisi wa Bukavu, tuwe wa Kadutu, wa Bagira ao wa Ibanda, mti huu tunaujua. Wenye elimu ya mimea wanauita Vernonia amygdalina. Majani yanachumwa mabichi, yanafikichwa ndani ya maji mpaka povu inatoka, yanachujwa, kisha kikombe kinaletwa. Tate anasimama mbele yetu: «Mukunywe yote! Dawa yenye haiko buchungu, ile haiko dawa.» Tunafunga macho, tunakunywa.

Hatuandiki haya ili kumcheka tate. Mwaka wa 1987, katika milima ya Mahale, kule Tanzania kwenye ziwa Tanganyika, mtaalamu Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokomutu mgonjwa akitafuna mti huu huu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Mzee Mohamedi aliujua tayari, kwani Watongwe, watu wa kabila lake, wanautumia kwa magonjwa ya tumbo. Basi, wazee wetu hawakuota ndoto.

Lakini tuangalie vizuri: yule sokomutu alitupa ganda na majani, akanyonya maji ya kiini tu. Hata mnyama anachagua sehemu. Sisi je, tunachagua nini?

Wenzetu wengi wanajibu: «Malaria inaogopa buchungu. Kinini nayo si ni chungu?» Ni kweli, na kinini si kitu cha mbali kwetu. Miti ya kinkina ilipandwa katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, hapa Bukavu, kilitoa kinini katika maganda yake. Lakini uchungu wake sio unaoponya. Mwaka wa 1820, kule Ufaransa, Pelletier na Caventou walitenga kinini kutoka katika ganda la kinkina, ndipo waganga wakaweza kupima uzito wa dawa yenyewe. Kikombe cha mubirizi kinapimwa na nani? Ngumi moja ya majani ya tate si sawa na ngumi moja ya jirani, na tumbo la mtoto wa miaka miwili si sawa na letu.

Tukumbuke ile habari ya nabii Elisha katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Ilikuwa wakati wa njaa, na wanafunzi wa manabii walikuwa wakipikiwa chakula. Mmoja wao akaenda porini, akaokota matango ya mwitu, akayakatakata ndani ya chungu. Hakuwa mtu mubaya. Alitaka wenzake washibe. Lakini hakuyajua, na wenye kuonja wakapiga kelele kwamba kifo kimo ndani ya chungu. Nia njema haikuyageuza matango yale kuwa chakula.

Hatari kubwa ya mubirizi, tunavyoona sisi, ni siku inayopotea. Mtoto akiisha kunywa, nyumba yote inatulia, kama vile kazi imekwisha. Kumbe malaria kali inaweza kupanda ku bongo na kumuua mtoto mdogo kwa muda mfupi. Tena si kila homa ni malaria: kuna ya mapafu, kuna tifoidi. Hakuna kikombe kinachoweza kutuambia ni gani.

Tunajua sababu ya wazazi kuchelewa. Mubirizi uko ku lupango, hauombi faranga. Kituo cha afya kinaomba. Lakini safari ya mapema haigharimu kama ile ya kubebwa usiku, mtoto akiwa amekwisha kuzimia.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, tukirudi likizo, tuombe jambo moja kwa heshima: mtoto akipata joto, apelekwe siku ile ile, apimwe tone la damu ku kidole. Na kama amekwisha kunywa mubirizi, tusimfiche muuguzi. Tumwambie ni majani ya nini, vikombe vingapi, tangu saa ngapi. Tate mwenyewe aje aseme, maana yeye ndiye anayejua alichokifikicha.