Maziwa ya Mbuzi Aliyotuletea Bibi

Hapa Shella, Malindi, mama mzazi hakosi wa kumshauri, wala nyumba haikosi chai ya maziwa. Daktari alipothibitisha kuwa mwili wa mtoto wetu waikataa protini ya maziwa ya ng'ombe, baada ya majuma ya vipele, kutapika na damu katika choo chake, bibi alituletea chupa ya maziwa ya mbuzi. Tulimbusu mkono, tukamshukuru, na maziwa tukayatia katika chai ya wageni. Protini za mbuzi zafanana mno na za ng'ombe. Mtoto anayedhurika na hizi, mara nyingi hudhurika na zile. Kuchemsha nako hakutoshi kuzivunja.

Kunyonya hakukukoma. Qur'ani imetaja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, nasi twataka. Kilichobadilika ni chakula cha mama, kwani protini ile hupita katika maziwa yake. Mtindi, siagi na samli vimeondoka, chai imekuwa ya mkandaa. (Samli ndiyo iliyotuuma, hasa siku ya biriani.) Mahamri ya tui yamebaki, ila twamuuliza muuzaji kama hakutia maziwa ya unga. Tui lenyewe si badala ya maziwa kwa mtoto mchanga. Asiyenyonya huhitaji maziwa maalumu ya kopo, tena ghali, kwa agizo la daktari.

Watoto wengi huondokewa na hali hii kabla ya umri wa shule. Bibi huuliza kila Ijumaa kama siku ya kujaribu imefika. Twamjibu kuwa atakayeitaja ni daktari.