Mgonjwa Wetu Tumweke Wapi?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya 17, aya ya 23, ameutaja uzee wa wazazi, na humo limo neno dogo ambalo wengi hulipita mbio: "indaka", yaani kwako, ubavuni mwako. Kwa neno hilo baadhi ya watu wa kwetu Soga hukata hukumu kwamba mzee aliyeugua akilazwa popote pasipokuwa nyumbani kwake, basi ametupwa. Sisi tuliolifundisha neno hilo miaka mingi chuoni hatuoni hivyo, na jambo lenyewe limetufika mlangoni.

Dada yetu mkubwa, aliyetulea baada ya mama kufariki, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, na ulimi ukawa mzito. Siku ya kutoka hospitali tuliambiwa maneno mawili tu: afanyishwe mazoezi. Na nani, wala mara ngapi, hatukuambiwa.

Wanawe wakagawanyika. Mmoja alitaka arudi Soga, kwani watu watasema. Wa pili, mwenye kazi Dar es Salaam, alitaka apelekwe katika nyumba moja ya kulipia yenye wauguzi. Makazi ya wazee ya Serikali, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, hayakuwa shauri letu. Hayo ni ya wazee wasio na wa kuwatunza, na mama wa watoto watano kuwachukulia nafasi yao ni dhulma.

Tulikwenda wenyewe kuitazama ile nyumba. Bei hatukuianza. Tuliuliza: usiku muuguzi mmoja hutazama wagonjwa wangapi? Nani huwageuza kitandani? Kwani asiyeweza kujigeuza hapana budi ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu ya hapo, ama sivyo mgongo na visigino hufanya vidonda, na vidonda hivyo vyaweza kumwua mtu aliyeponea kiharusi. Je, anayemwosha mwanamke ni mwanamke? Nani atamsaidia kutawadha au kutayamamu, apate kuswali kwa kukaa au kwa kulala ubavu kama sharia ilivyomrahisishia? Majibu yalikuwa mema, isipokuwa la mwisho: jamaa huruhusiwa Jumapili tu, kwa muda wa saa mbili. Hapo tukaaga.

Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili amzuru kwa karibu; hakumpeleka kulala kwa jamaa zake. Wenye kuandika sira wamemtaja humo Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Mambo mawili yalikutana chini ya hema moja: mkono uijuao kazi, na mguu wa mwenye kumpenda usiohitaji safari. Tukakifanya hicho kipimo.

Kwa kipimo hicho Soga nayo ilishindwa, ingawa ni kwetu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hatukumpata kijijini. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024 ina kituo hapa, lakini haipiti Tumbi iliko hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kumpakia mgonjwa wa namna ile kwenye pikipiki kila juma, masika yakinyesha, si kumtibu. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Viungo vikiachwa hukakamaa.

Basi tulipanga vyumba viwili Kibaha, karibu na Tumbi, nyumba isiyo na ngazi. Binti yake wa tatu akahamia huko. Kodi iligawanywa kwa ndugu wote, na yule aliyeogopa maneno ya watu akapewa zamu ya usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mtaalamu akawafundisha wasimwinue kwa kuuvuta mkono uliolegea, maana bega huteguka. Na wamlishe amekaa wima, kidogo kidogo, kwani chakula chaweza kushukia njia ya pumzi.

Maneno hayakukosa kusemwa, tena barazani mwa msikiti. Kila aliyelaumu tulimwambia nauli ipo, aende akamzuru. Wawili walikwenda. Walimkuta ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, nusu ya chai imemwagikia kanga, naye awakemea kwa kuchelewa.