Cheti Changu na Paa la Msikiti

Jioni moja, tukirejea kutoka swala ya Alasiri, mwanangu aliye darasa la saba aliniuliza: “Baba, wewe umesoma mpaka chuo. Mbona tunalima migomba kama babu?” Sikumjibu. Njia zetu za Usangi ni za kupanda mlima, nikasingizia pumzi.

Swali lile lilikuwa langu kabla halijawa lake. Marehemu baba aliuza ng'ombe wawili ili nisome chuo cha Kiislamu. Nilirudi na cheti, nikatuma maombi ya kazi mwaka baada ya mwaka. Leo ni katibu wa kamati ya msikiti, kazi ya kujitolea, na shamba ndilo linalotulisha.

Mwaka jana upepo uling'oa mabati ya msikiti. Siku ya Ijumaa wenye vyeti tulijaa safu nzima, lakini wa kupanda juu ya paa hakupatikana. Tukamleta fundi kutoka Mwanga mjini. Nilipoandika hati ya malipo, niliona ujira wake wa siku tano umezidi kipato changu cha mwezi. Mwanangu alishinda naye akimpelekea misumari. Tangu hapo haoti ila ufundi.

Nikawaza kumwachisha shule. Mama yake akaniuliza kwa upole: “Yule fundi alipokadiria mabati, hakupiga hesabu? Na janaza ya baba yako, aliisalisha nani?”

Nilinyamaza. Ni mimi niliyemuosha baba na kumsalia, kwa elimu ile aliyoilipia kwa ng'ombe wake. Niliihesabu kuwa hasara kwa sababu haikuleta mshahara.

Ndugu wazazi, nadhani kosa letu si kuwapeleka watoto shule. Kosa ni kuwafundisha kuwa shule ni ngazi ya kuikimbia kazi ya mikono. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mkono wake, na Mtume wetu (s.a.w.) akamtaja kwa sifa. Nani kati yetu angewaita watu hao walioshindwa maisha?

Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na katika sekondari kuna mkondo wa amali pamoja na ule wa jumla. Tumeafikiana mwanangu aendelee na sekondari, tukimtafutia mkondo huo. Tukiukosa, baada ya kidato cha nne ajaribu VETA Moshi. Madrasa haiachi. Siku za likizo atamfuata fundi yule.

Shaka haijaniisha. Huenda naye akarudi mikono mitupu. Ila safari hii sitamwahidi ajira, jambo ambalo si langu kuliahidi. Mwenye kuruzuku ni Allah (s.w.t.), letu ni kumwandaa mtoto, kisha kumwombea.