Theluji ya Hasui

Masika ya mwaka 1998 yalitoboa paa la chumba changu, maji yakaingia kashani, na madaftari mawili ya tungo zangu yakaoza pasi na mimi kujua. Nilipofungua kasha, wino ulikuwa umekwisha kuwa doa moja la buluu. Sikuwa na nakala. Kwa miaka saba nikajaribu kuzirudisha tungo zile kwa kumbukumbu. Mizani niliipata, na vina nilivipata. Ushairi wenyewe haukuja. Kila ubeti nilioandika ulikuwa kama mtu aliyevaa nguo za marehemu.

Ndipo kikanifikia mkononi kitabu cha picha za Kijapani, alichoniachia mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Mimi sikusoma sanaa chuoni, wala ushairi sikufundishwa darasani. Niliyonayo nimeyaokota vitabuni, kamusi ubavuni. Kitabu kile nilikisoma kama nisomavyo shairi ninalotaka kulifasiri: polepole, na kwa kurudia.

Picha zilikuwa za Kawase Hasui, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1883 na kufariki mwaka 1957. Alikuwa miongoni mwa wasanii wa shin-hanga, yaani chapa mpya, waliokusanywa na mchapishaji Watanabe Shozaburo tangu miaka ya 1910. Upya huo haukuwa katika zana, kwani kazi ilifuata utaratibu wa tangu zama za Hokusai na Hiroshige. Mchoraji huchora. Mchongaji hubandika mchoro juu ya ubao wa mcheri, akachonga na kuibakiza mistari tu. Kisha rangi mbalimbali huchongewa mbao zake. Mwisho mpiga chapa hupaka rangi ubaoni, akalaza karatasi na kuisugua kwa mkono. Kilichokuwa kipya ni jinsi ya kuuona mwanga: alfajiri juu ya ziwa, taa dirishani wakati wa mvua, usiku wa mbalamwezi. Hasui alizunguka nchi yake na daftari la michoro, na picha zake zilianzia humo.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya miji hiyo. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Karakana ya Watanabe iliungua pamoja na mbao za kuchapia, na madaftari ya Hasui yakawa majivu.

Hapo nilikifunga kitabu, nikaona haya kwa madaftari yangu mawili. Nilipokifungua tena nilitarajia kusoma kwamba mtu huyu aliketi akayachora upya yote kwa kumbukumbu. Kumbe kabla mwaka ule haujakwisha alikuwa njiani, akielekea sehemu za magharibi ya Japani. Alirejea Februari 1924 na michoro mipya, iliyozaa mfululizo mwingine wa picha za safari.

Mwaka 1925 ikatoka picha ya hekalu la Zojoji, mjini Tokyo. Lango ni jekundu, theluji inaanguka kwa wingi, na mwanamke mmoja ameinamisha mwavuli kukabili upepo. Hamna kifusi wala moshi. Yupo atakayemlaumu Hasui kwa hilo, na simkatalii. Lakini nilitazama weupe ule kwa muda mrefu. Katika ufundi huu theluji aghalabu si rangi. Ni karatasi yenyewe, pale ambapo ubao haukugusa. Mafundi wote wameshika kazi, kisha wamekubaliana kuacha mahali pawe wazi.

Mimi kwa miaka saba nilikuwa nikipapaka rangi mahali hapo.

Niliacha kuzitafuta tungo zile. Nilinunua daftari jipya, nikashuka pwani maji yamekupwa, nikaandika nilichokiona asubuhi ile: wanawake wakirudi na mwani vichwani, nguo zimewalowa hadi kiunoni. Shairi halikuwa kubwa, ila lilikuwa langu na la siku ile.

Kurasa mbili za mwanzo za daftari hilo niliziruka. Mpaka leo sijaandika kitu humo.