Mikebe, Kutu na Hewa ya Pwani

Zamani, kabla masanduku ya plastiki hayajaenea madukani, mtu wa Mombasa aliyetaka kujiundia redio ndogo au kikuza sauti hakuwa na mahali bora pa kukitia chombo chake kuliko mkebe wa biskuti au wa kakao, wala jambo hilo halikutokana na ufukara peke yake. Mkebe una fadhila mbili ambazo ubao hauna: huzuia mivumo ya umeme wa nje isiziingie nyaya zilizo dhaifu, tena hupokea lehemu kwa urahisi, hata waya wa ardhi waweza kushikizwa popote ndani yake bila ya parafujo. Adui yake mkubwa ni kutu. Na katika mji uliozungukwa na bahari, ambao upepo wa kusi huuletea unyevu wa chumvi miezi kadha mfululizo, adui huyo hakosi njia.

Mjomba wangu, fundi wa redio katika Mji wa Kale, alikuwa na ada ya kuusugua kila mkebe kwa kitambaa kilichochovywa mafuta ya nazi, ndani na nje, kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Mafuta hayo huufukuza unyevu kwa muda, lakini hayakauki. Hunasa vumbi, na yakichacha hutoa asidi ambayo huzigeuza nyaya za shaba kuwa na ukoga wa kijani. Kwa hiyo mikebe iliyokusudiwa kukaa katika vidaka vya nyumba za mawe, ambako chokaa na mawe ya matumbawe havikosi unyevu, aliipaka upande wa chini sifa, yaani yale mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka mbao za majahazi. Sifa hukauka kidogo kidogo ikawa ngozi nyembamba juu ya chuma, ila harufu yake ni kali, na wenye nyumba walilalamika. Nilifurahi mno baadaye niliposoma kwamba nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha ya chuma yakiizuia kutu isiendelee, na kutokana na maono hayo akaanzisha nchini Marekani, mwaka 1921, kiwanda cha rangi cha Rust-Oleum. Maarifa yale yale, basi, yalikuwa yakitumika bandarini kwetu kwa mbao, na mjomba aliyahamishia katika chuma bila ya kufunzwa na mtu.

Mkebe uliokwisha kushikwa na kutu alikuwa na dawa yake nyingine, ambayo naipenda kuliko zote. Alichemsha magome ya mkoko, ambayo watu wa Lamu na wa Rufiji waliyasafirisha kwa majahazi ili yatumike katika kutengeneza ngozi, akapaka maji yake mekundu juu ya kutu iliyokwisha kukwanguliwa kwa msasa. Muda si muda, ule wekundu wa kutu uligeuka weusi wenye kuelekea samawati, kwa kuwa tanini ya magome huungana na kutu ikafanya kitu kigumu kisichoyeyuka upesi. “Mpwa wangu,” akiniambia, “usiiondoe yote, iliyobaki ifanye iwe nguo.”

Nilipokua na kuisoma elimu ya madini, ndipo iliponibainikia kwa nini kutu aghalabu ilianzia penye matundu ya swichi na kingo zilizokatwa. Mabati ya paa huvikwa zinki, na zinki, ikikwaruzwa, hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza, chuma kilicho karibu kikasalimika. Mkebe haukuvikwa zinki bali bati, na bati katika hewa ya nje tabia yake ni kinyume cha hiyo. Panapotokea mkwaruzo, bati husalimika na chuma huliwa upesi kuliko lau kingekuwa uchi kabisa. Basi kila tundu lililotobolewa ni jeraha, na dawa yake ni kulipiga tupa hadi liwe laini, kisha kulizungushia lehemu ukingoni. Sharti lehemu hiyo itumiwe pamoja na ulimbo, wala si ile dawa ya asidi ya mafundi wa makopo, ambayo mabaki yake huvuta unyevu na kuizaa kutu hiyo hiyo tunayoikimbia.

Wakati wa rangi za madukani mafundi vijana walipaka kila mahali, hata mdomo wa mkebe na ukingo wa kifuniko, na redio zikaanza kuvuma, maana kifuniko kilichotengwa kwa rangi hakina tena ushirika wa umeme na mkebe wake. Hapo ndipo lilipo shauri lote la kazi hii: kinachokinga chuma na maji hukitenga pia na umeme.

Fauka ya hayo, mikebe yenyewe ilibadilika. Zamani chuma kilichovywa katika bati iliyoyeyushwa. Lakini vita vilipozikata njia za bati ya Malaya, mwaka 1942, viwanda vilishika kwa nguvu namna ya kuvika kwa umeme, na utando wa siku hizi aghalabu haufikii sehemu moja ya elfu ya milimita. Tangu miaka ya 1960 ikaja mikebe isiyo na bati kabisa, iliyovikwa kromiamu na kupakwa vanishi, ambayo lehemu haishiki.

Nifanyavyo sasa ni hivi. Nje napaka rangi, na chini nagandisha vipande vya mpira wa baiskeli ili mkebe usigusane na ukuta wala meza. Betri naziweka katika kisanduku cha pembeni, kwa kuwa zile za bei nafuu zikivuja hula kila kitu. Mdomo na kifuniko naviacha vitupu, nikivipaka mafuta ya mgando kwa uhaba, kwani pale vinapobanana chuma hugusana na chuma na mafuta husukumwa kando. Na katika mikebe isiyopokea lehemu nakwangua vanishi mahali padogo, nikafunga waya wa ardhi kwa washa yenye meno na parafujo iliyovikwa zinki, si ya shaba, maana shaba na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, kinacholiwa ni chuma.