Kabla hujalitupa jiwe la nyanya

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoingia na wanao katika jumba la makumbusho? Usiharakishe kujibu. Wengi wetu tunaoishi mijini tunayajua majumba hayo kwa safari moja tu ya shule. Tulipangwa mistari, tukapitishwa mbele ya vioo mbio mbio, na tuliporudi nyumbani tukasimulia habari za nyoka na soda. Baadaye tukawa watu wazima, tukawaachia watalii mahali hapo.

Likizo ya Agosti niliwapeleka watoto wangu wawili kwa mama, huko Manga. Kama hujafika kwetu, Manga ni ule ukuta wa miamba unaouona ukiwa njiani kati ya Kisii na Nyamira. Huko ndiko liliko pango la Ngoro ya Mwaga, ambalo kila mzee ana kisa chake kulihusu. Chini ya miamba ni migomba, majani chai na maboma yaliyosongamana, kwani ardhi ni haba na watu ni wengi.

Uhaba huo ndio ulioleta maneno nyumbani. Kaka yangu alitaka kulibomoa jiko la zamani la mama ili ajenge nyumba ya mawe. Ndani ya jiko hilo mlikuwa na orogena, yaani jiwe la kusagia wimbi, ekee mbili, ambavyo ni vikapu vya kupakulia ugali, na ebitinge, zile pete za mguuni zilizoonyesha kwamba mwanamke ameolewa. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa amekwisha kupita mara mbili akiulizia bei. Kuhusu jiwe, kaka alisema litafaa kuingia katika msingi. Mama hakusema neno, nasi wanawe tunajua kunyamaza kwake kuna maana gani.

Nikapendekeza kwamba kabla ya kitu chochote kuguswa, twende Kisumu siku moja tukaone wenzetu wanavyovitunza vitu kama hivyo. Mama alikubali. Tukapanda matatu asubuhi, tukapita Oyugis na Ahero, na kabla ya kuingia mjini tukashuka kwenye Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka wa 1980.

Watoto, kama watoto wote, walimkimbilia simba. Ni simba aliyekaushwa, amemrukia nyumbu mgongoni, na ukimtazama ghafla waweza kurudi nyuma hatua mbili. Lakini kilichotuweka pale saa nyingi ni boma la Kijaluo lililojengwa uani kwa ukubwa wake halisi. Kuna nyumba za wake watatu, kila moja mahali pake kulingana na cheo cha mwenyewe, maghala ya nafaka, na nyumba ya mwana wa kwanza. Hakuna kilichowekwa ovyo. Mwelekezi alitueleza kwamba mgeni anayejua mila akisimama langoni atatambua nani ni nani kabla hajaambiwa.

Tukafika penye jiwe la kusagia. Mwelekezi akatutajia jina lake la Kijaluo, na binti yangu wa darasa la sita akauliza, "Nyanya, na kwetu linaitwaje?"

Waama, sikutarajia yaliyofuata. Mama alipiga magoti kando ya jiwe, asiliguse, akaanza kupeleka mikono mbele na nyuma hewani. Akaeleza wasichana walivyoamshwa alfajiri wasage, jinsi unga mzuri unavyojulikana kwa vidole, na namna mkwe mpya alivyopimwa kwa kusikilizwa tu anavyosaga. Wanafunzi wa shule moja waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Mwalimu wao akatoa kalamu. Ule ubao wa maelezo uliokuwa hapo ungesomwa kwa nusu dakika, lakini mama alizungumza robo saa nzima.

Hapo ndipo nilipofahamu, msomaji, kwamba kitu cha kale kina nusu mbili. Nusu moja ni jiwe, mti au udongo. Nusu ya pili imo kichwani mwa mtu aliyekitumia, na hiyo haiwekwi ndani ya kioo.

Usidhani shida hii ni ya Waafrika peke yao. Nchini Denmark, viwanda vilipokuwa vikiwavuta watu mijini katika karne ya 19, bwana mmoja aliyeitwa Bernhard Olsen aliona vitu vya wakulima vikipotea. Mwaka wa 1885 alifungua jijini Copenhagen jumba la makumbusho ya maisha ya watu wa kawaida. Mwaka wa 1897 akaanza kuonyesha nyumba nzima zilizong'olewa vijijini, na mwaka wa 1901 makumbusho hayo ya nyumba yakahamia Lyngby, nje ya jiji, ambako yako hata leo. Nchi tajiri kama hiyo haikuona haya kutunza vibanda na vijiko vya miti vya wakulima wake.

Vyetu vingi, kwa upande mwingine, viko ng'ambo. Mradi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani, ulioanza mwaka wa 2018, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nchi za nje. Vingine viliondoka kwa nguvu enzi za ukoloni. Vingine vilinunuliwa mlangoni kwa bei ya kilo mbili za sukari, kama alivyotaka kufanya yule mnunuzi wetu.

Tuliporudi Manga hatukugombana. Jiko lilibomolewa, kwani kaka naye ana watoto wa kulaza. Lakini aliacha pembe moja ya baraza, akalibeba jiwe mwenyewe hadi hapo. Binti yangu alinunua daftari, akaketi na nyanya yake jioni tatu mfululizo. Kwa kila kitu aliuliza: kinaitwaje, kilitengenezwa na nani, kilitumiwa vipi? Mama alijibu mengi. Ila walipofika kwenye ekee ya pili, iliyoletwa na shangazi yangu marehemu, alikigeuzageuza kikapu kile mikononi kwa muda mrefu. Hakujua aliyekisuka. Aliyejua alikuwa shangazi, na hakuna aliyemwuliza. Katika daftari mstari huo uko wazi hadi leo.

Basi, msomaji, Jumapili moja ijayo wapeleke watoto katika jumba la makumbusho lililo karibu nawe, iwe Kisumu, Kitale, Kapenguria, Nairobi au Mombasa. Ukiweza, wapeleke pamoja na nyanya au babu yao, umwache yeye awe mwelekezi. Kisha mkirudi nyumbani mfungue daftari. Daftari hupatikana katika kila duka. Nyanya hauzwi popote.